KIKOBA CHA CHANG'OMBE: Dada aitwa mwizi wiki mbili nzima, kumbe ni faili tu limekosekana kwenye kompyuta!



Leo hakuna habari ya msanii kumwagana na mchumba wake. Leo ni ya dada mmoja wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, asiye na jina kubwa mjini wala wafuasi Instagram. Majina hayatajwi maana wahusika wote wapo, wanapishana Sabasaba kila siku, na wengine mpaka leo hawasalimiani. Ukijijua kwamba ni wewe, kaa kimya, soma tu.

Dada huyu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama 26. Hisa moja shilingi 5,000. Wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni kwenye ua wa mwenyekiti, wananunua hisa, wanakopeshana, wanatozana faini za kuchelewa, wanachangiana kwenye misiba. Ikifika Desemba wanavunja, kila mtu anabeba chake. Na Desemba inajulikana ilivyo. Sikukuu hiyo, halafu kabla hujameza wali Januari hii hapa na sare, madaftari na nauli.

Sasa kikoba hiki kilikuwa na kitu ambacho vikoba vingine vya mtaa havina. Kilikuwa na kompyuta. Ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye Windows XP ile ya mwaka 2001. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo iliyotengenezwa na kijana wa mwanachama mmoja alipokuwa chuo, kwa lugha ya Visual Basic 6 ambayo ni ya mwaka 1998. Ukibofya jina la mtu unaona hisa zake, mkopo wake, marejesho na faini mpaka ya shilingi 500. Kijana mwenyewe alishaondoka Dodoma zamani na namba yake haipatikani. Ila programu ilidunda tu mwaka hadi mwaka, bila kuugua.

Na ubaya ulianzia hapo hapo. Kwa vile kila mtu alikuwa anaona jina lake kwenye kioo, vile vitabu vya hisa vya mkononi vikasahaulika. Tangu Juni hakuna aliyeleta chake kijazwe. "Si kila kitu kipo kwenye kompyuta?" Ndo ikawa hivyo.

Ijumaa moja mwishoni mwa Novemba umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Ndani ya kompyuta ikasikika "pa!", ikafuata harufu ya kuungua, halafu kimya. Ndo ikawa imekufa hivyo, wiki mbili kabla ya mgao.

Dada hakuogopa sana, kwa sababu alikuwa na tabia moja nzuri. Kila Jumamosi baada ya kikao alikuwa anakopi folda lote la ile programu kwenye flashi, flashi anaifunga kwenye kitambaa, kitambaa anakitia kwenye kopo la sukari. Kikoba kikachanga fasta, ikanunuliwa laptopu ya mtumba yenye Windows 10. Akachomeka flashi, akahamisha folda, akabofya mara mbili.

Programu ikagoma. Kikatokea kijisanduku cha Kiingereza kinachosema kwa maana kwamba kijenzi MSCOMCTL.OCX hakijasajiliwa vizuri, kuna faili halipo au ni bovu. Akabofya tena, kile kile. Akazima, akawasha, bado kile kile. Akatoa simu akakipiga picha. Ikumbuke hiyo picha.

Jumamosi ikafika. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, mweka hazina anasema mahesabu hayafunguki.

"Hayafunguki kivipi?"

"Kompyuta inasema kuna faili halipo."

Wadau, hebu jiweke kwenye ule mkeka. Umeweka hela zako tangu Januari, umeuza nyanya juani, halafu anayeshika hesabu anakwambia kuna kitu "hakipo". Sentensi hiyo hata angeisema malaika isingeeleweka.

Na kulikuwa na kingine. Miezi miwili nyuma dada alikuwa amenunua tofali za kuanzia msingi huko Nala. Lori lilipita mchana kweupe, mtaa mzima ukaliona. Sasa zile tofali zikapata maelezo. Usiku ule ule grupu la WhatsApp la kikoba likawaka moto. Mama mmoja, muuza vitenge, ndo alikuwa mbele kuliko wote. Aliandika kwamba faili halijapotea, faili limejenga Nala. Watu wakacheka mpaka vikatuma na vikatuni. Dada akasoma yote, hakujibu hata moja.

Jumatatu akabeba laptopu na flashi mpaka kwa fundi mmoja mjini. Fundi hakuusoma ule ujumbe mpaka mwisho. Alisoma jina la faili, akaliandika kwenye intaneti, akafungua tovuti ya kwanza inayogawa mafaili bure, akapakua, akalibandika ndani. Programu ikagoma vile vile, ila sasa laptopu ikawa na ugonjwa mpya. Kila ukifungua intaneti yanaruka matangazo ya kubeti. Fundi akakuna kichwa, akatoa ile dawa ya mafundi wengi: "Hapa dada tupige Windows upya. Na hiyo flashi nayo ina virusi, tuifomati."

Dada akasema hapana. Baadaye alieleza kwamba hakuwa na hoja yoyote ya kitaalamu. Aliangalia tu ile flashi akaona mwaka mzima wa watu 26 upo pale kwenye kitu kidogo kama kidole, mkono ukakataa kuachia. Akalipa 30,000 ya usumbufu, akaondoka.

Alhamisi akafanya uamuzi. Akaenda kwenye steshenari moja karibu na Jamatini kuchapisha barua ya kujiuzulu. Kuna kijana pale mdogo mdogo hivi, kazi yake kuchapa kazi za wanafunzi wa UDOM na kutoa kopi za vyeti. Akawa anachapa huku dada anamsomea. Walipofika pale "kwa sababu programu ya mahesabu imeshindwa kufunguka", vidole vikasimama.

"Samahani dada yangu. Ikigoma ilikuwa inasemaje?"

Dada akamwonyesha ile picha kwenye simu. Kijana akaivuta ikawa kubwa, akaisoma neno kwa neno, kimya. Halafu akauliza maswali mawili tu. La kwanza: programu iliwekwaje kwenye laptopu, kwa CD yake au kwa kukopi folda? Dada akasema kwa kukopi. La pili: ile kompyuta ya zamani iko wapi?

"Imekufa mdogo wangu."

"Imekufa yote, au imekataa kuwaka?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hilo.

Kijana akamweleza kwa lugha ya Dodoma kabisa. Akasema, dada, umeona wafanyakazi wa serikali walivyohamia hapa kutoka Dar tangu 2016? Mtu anapakia kitanda, kabati, sofa, anafika Kisasa anaanza kupika, ndo anakumbuka jiko la gesi alilokuwa anapikia lilikuwa la jirani. Hakuibiwa chochote. Kile kitu hakikuwa chake tangu mwanzo, alikuwa anakitumia tu kwa kuwa kipo karibu.

Programu za zamani ndo zilivyo. Yule kijana aliyeitengeneza hakuchora kila kitufe na kila jedwali kwa mkono wake. Alitumia vipande vilivyokwisha kutengenezwa, na vipande hivyo havikai kwenye folda la programu, vinakaa kwenye folda la Windows. Majina yake yanaishia na DLL au OCX. Programu ikiwekwa kwa CD yake, CD inabeba vipande na kuviandikisha kwenye mfumo. Ukikopi folda peke yake umebeba kitanda na sofa, jiko umeliacha. Na Windows mpya haiji na hilo jiko, kwa sababu Visual Basic 6 ni ya zamani. Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2008, ingawa programu zake nyingi zinaendelea kukubali mpaka leo ukizipa wanachotaka.

"Kwa hiyo hesabu zetu?"

"Hesabu zipo dada. Faili lenye data ni hili hapa kwenye flashi, halijaguswa. Kilichokosekana ni cha kulifungulia."

Wanaosimulia wanasema dada alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akalia mpaka wateja wa fotokopi wakahamia duka la pili. Barua haikuchapishwa, walau siku hiyo.

Kitu cha kwanza alichofanya kijana, na wenye tabia ya kubofya kila kitu msikie, ni kukopi folda lote sehemu nyingine kabla hajagusa chochote. Cha pili, akalifuta lile faili la yule fundi wa kwanza pamoja na takataka zilizoingia nalo, akaskani laptopu nzima na flashi. Akasema tovuti zinazogawa mafaili ya mfumo moja moja ni kama kuokota dawa barabarani kwa kuwa jina kwenye kikopo linafanana na la daktari. Unaweza kupewa toleo tofauti, au faili lililowekewa uchafu ndani. Faili la mfumo litoke kwa mwenyewe: CD ya programu, tovuti ya Microsoft, au kompyuta ambayo programu hiyo ilikuwa inafanya kazi.

Ijumaa mchana wakapanda bodaboda mpaka kwa mwenyekiti. Kompyuta ya zamani ilikuwa kwenye kona ya jiko, juu yake kuna ndoo ya maji ya kunywa. Kijana akaomba bisibisi. Kilichoungua kilikuwa kile kisanduku cha umeme kinachopokea waya wa ukutani. Hadi diski ilikuwa nzima. Akaichomoa, akaiunga kwenye laptopu yake kwa waya, akaiskani kwanza, halafu akaingia folda la Windows, ndani yake System32. Faili likawa pale pale limetulia, MSCOMCTL.OCX, kama mtu aliyekuwa anasubiri aitwe.

Sasa kuna mtego mmoja unaoangusha wengi. Windows za siku hizi za biti 64 zina mafolda mawili, System32 na SysWOW64. Akili ya kawaida inakwambia faili la zamani la biti 32 liende System32, si limeandikwa 32? Ukweli ni kinyume. System32 ndo lina vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndo lina vitu vya biti 32. Kijana akacheka, akamwambia mwenyekiti: "Mama, ni kama kibao cha 'Hoteli' hapa mjini. Ukiingia unapata wali maharage, kitanda hakuna."

Akalibandika SysWOW64. Akafungua kile kidirisha cheusi cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, maana bila ruhusa hiyo kinakataa, akahamia kwenye folda hilo, akaandika regsvr32, nafasi, halafu jina la faili. Kikatokea kijisanduku kwamba limesajiliwa. Mwenyekiti akaanza kupiga vigelegele.

Akabofya programu. Ikagoma tena!

Dada akainama. Ila kijana akasoma, akatabasamu: "Subirini. Hili ni jina jingine." Na kweli, safari hii ujumbe ulikuwa unalilia MSFLXGRD.OCX, kipande cha kuchora majedwali. La kwanza lilikuwa limeshapita. Akasema ujumbe ukibadilika hiyo ni habari njema, umevuka mlango mmoja umekuta wa pili. Akalifuata kwenye diski ya zamani, akalibandika, akalisajili, akabofya.

Skrini ikafunguka na majina yote 26.

Kwa wale wa gemu na mambo mengine, kijana aligawa na nyongeza huku anakunywa soda. Ukiona inalilia faili linaloanza na MSVCP au MSVCR, usitafute hilo faili moja, kaweke furushi lake zima la Visual C++ kutoka Microsoft. Hata kama kompyuta ni ya biti 64, weka la x86 na la x64 yote mawili, maana programu nyingi za zamani ni za biti 32. Ukiona d3dx9 halafu namba, hiyo ni DirectX ya enzi zile, furushi lake la Juni 2010 linabeba yote. Programu ikidai .NET 3.5, hiyo inawashwa ndani ya Windows yenyewe kwenye orodha ya vipengele. Faili la Windows yenyewe likiharibika, kuna amri ya sfc /scannow. Na kabla ya yote, angalia kama antivairasi yako ndo imelifungia faili, maana nayo ina mkono mrefu.

Hela yake? Alichukua 15,000, nusu ya yule aliyetaka kufuta kila kitu.

Haya, turudi kwenye mkeka, maana najua ndo mnachosubiri. Zile tofali za Nala zilikuwepo kwenye programu. Dada alikopa 600,000 kwenye kikoba kama mwanachama yeyote, mwezi Septemba, na alikuwa ameshaanza kurejesha. Kila rejesho lina tarehe. Hata faini ya 1,000 ya kuchelewa kikao alikuwa amejiandikia mwenyewe.

Na yule mama wa vitenge? Alikuwa na mkopo wa 850,000 ambao haujarejeshwa hata shilingi tangu Julai.

Sasa sikilizeni. Dada alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile ya kwanza anachekwa kwenye grupu. Julai yule mama alimfuata nyumbani usiku, amejifunika khanga mpaka usoni, akamwomba: mdogo wangu, nistiri, mume wangu asijue, nitalipa kabla ya Desemba. Dada akakubali asilisome jina lake kwenye kikao. Wiki mbili anaitwa mwizi, wiki mbili ana neno moja la kummaliza mtu anayemwita mwizi, na hakulitoa. Bila programu asingeaminika, hiyo kweli. Ila hata Ijumaa usiku, programu imeshafunguka, bado hakulitoa.

Alichofanya ni kumwomba kijana achapishe ukurasa wa kila mtu peke yake. Jumamosi akamkabidhi kila mmoja karatasi yake imekunjwa. Mwenyekiti akasoma jumla tu: zilizoingia, zilizokopwa, zilizobaki kwenye sanduku. Zikalingana. Uani pakawa kimya, zinasikika kuku tu. Yule mama akafungua karatasi yake, akaikunja tena, akaisukuma chini kabisa ya mkoba.

Lakini mgao ni mgao, mkopo unakatwa. Bahasha zilipotolewa, ya kwake ilikuwa nyembamba kuliko zote. Hakuna aliyesema kitu. Kila mtu aliona.

Mwenyekiti alimsema dada baadaye pembeni, na hapa watu wamegawanyika. Alimwambia kumstiri mtu ni utu, ila hela ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya watu 26, na kanuni inasema anayechelewesha asomwe. Dada akakubali kosa. Na ile barua ikaja kuchapishwa kweli, Januari, kwa kijana yule yule, ikiwa na sababu nyingine. Aliandika kwamba amechoka. Alikabidhi laptopu, flashi mbili badala ya moja, CD yenye yale mafaili mawili na karatasi ya maelekezo ya mkono. Na vitabu vya hisa vimerudi, vinajazwa kila Jumamosi, kompyuta iwepo isiwepo.

Kwenye grupu hakuna aliyefuta yale maneno. Yapo mpaka leo, ukipandisha juu unayakuta. Yule mama hakuomba msamaha mbele ya watu. Ila Jumatatu baada ya mgao alimtuma mwanawe na kitenge, kizuri, doti nzima. Dada alikipokea, akamshukuru mtoto, akakiweka kabatini.

Hajakishona mpaka leo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe unaitwa mwizi mbele ya watu na jina la mdaiwa unalo mdomoni, ungemtaja au ungemstiri? Na kitenge ungeshona? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.